Tangi Lililokwenda Arusini

Jumapili, 13 Januari 1957

Siku kubwa! Nimepata pikipiki. Au tuseme nimepata nusu ya pikipiki. Nusu ya pili nitaipata kwa akili.

Jirani yangu Bwana Timotheo, karani wa ghala la mkonge, anarudi kwao Lushoto. Kamaliza kazi. Lori litamchukua Jumamosi ya tarehe 26, nalo limeshajaa hata kabla halijafika: mke, mbuzi sita, cherehani, kabati. Pikipiki haina pahali. Nikamwambia basi aniuzie. Akasema kumwuzia jirani kitu kibovu ni dhambi, ila kumpa ni sadaka. Hawa Walutheri wana hesabu zao.

Sharti lipo. Pikipiki imekaa bandani miaka minne. Mashine ni nzima. Alimimina petroli kwa chupa mbele ya macho yangu, ikanguruma mpaka kuku wakapanda paani. Ugonjwa ni tangi. Ndani limeoza kwa kutu, na kutu ikishuka na mafuta inaikaba mashine koo. Basi siku ile ya lori niiendeshe kwa tangi lake lenyewe, toka mlangoni kwake mpaka ivuke reli. Nikivuka, yangu. Nisipovuka, ya Mselem.

Mselem fundi baiskeli! Alikuja kuiomba robo saa tu baada yangu, jasho linamtiririka. Nilimpa pole. Ilinikaa tamu mdomoni, ile pole.

Kwa nini naitaka? Binti yangu Sabiha kajifungua Pangani. Mjukuu wangu wa kwanza! Saleha, mama watoto, alikwenda akakaa naye arubaini nzima, akarudi. Mimi nilibaki na mizani yangu ya mbata. Sasa nina likizo ya wiki tatu. Nimemwandikia Sabiha kwamba babu mtu anakuja kwa pikipiki yake mwenyewe. Nilimwandikia juzi, kabla sijaiomba.

Saleha anasema basi la Pangani huondoka kila asubuhi. Basi! Mjukuu amwone babu yake mara ya kwanza anateremka na kuku wa watu kwapani?

Jumatatu, 14 Januari

Nimelifungua tangi. Nikatazama ndani kwa jicho moja. Ndani pia kulikuwa na wanaotazama. Nyigu!

Mdomo wa juu umevimba. Saleha kaweka kitunguu. Kaniuliza kwa upole kama pikipiki nayo inataka kitunguu.

Jumanne, 15 Januari

Akili imenijia! Sinia ya shaba ikichakaa husuguliwa kwa ukwaju, ikang'aa. Kama ukwaju unaweza shaba, utashindwa na kutu?

Nimechukua ukwaju jikoni, kikapu kizima. Nimeuloweka, nimeumimina, nimekaa kusubiri. Kufika adhuhuri sisimizi wa mtaa mzima wamepanga mstari mpaka kwenye tangi, utadhani linatoa posho. Kutu haijali.

Kumbe ukwaju ulikuwa wa arusi. Bi Mwanakombo, mkubwa wa chama cha vugo, ile ngoma ya wanawake ya arusini, ambacho Saleha naye yumo, anamwoza mpwa wake Jumapili. Wageni mia wangekunywa ukwaju ule. Saleha hakunifokea. Alinitazama tu, akatazama tangi, akanitazama tena, kama mtu anayepima lipi liondoke nyumbani.

Jumatano, 16 Januari

Siki! Ukali wa ukwaju ni wa kitoto. Siki ya tembo la mnazi, iliyochacha wiki nzima, hiyo hula hata msumari.

Nimemfuata mgema. Nikamwambia nataka tembo bovu kabisa. Akanijibu kwa hasira kwamba yeye hana tembo bovu. Nikamweleza. Akacheka, akanipa madumu mawili. Nikayabeba kichwani kupitia mtaani mchana kweupe, mimi, Hatibu bin Shehe, ninayeswali safu ya pili.

Mselem alikuwa barazani kwake anaziba mpira. Akanisalimu kwa sauti ya kusikika msikitini. Akauliza kama mdomo wangu umevimba kwa hayo hayo niliyoyabeba. Watu watano walicheka. Niliwahesabu.

Lakini siki inafanya kazi! Nimeimimina, ikachemka, ikatoka nyekundu kama damu. Furaha yangu haikudumu. Ilitoka nyekundu, kweli, ila ilitoka kwa chini. Tangi lina matundu. Madogo, kama ya sindano. Kumi na moja.

Nyumba inanuka kama kilabu cha pombe. Saleha kafungua madirisha yote na kujifunika kanga puani. Anasema mwanamke mwenzake akija leo atamwambia mimi ni mpangaji.

Alhamisi, 17 Januari

Usiku nilifikiri, asubuhi nikacheka peke yangu. Jawabu liko pwani!

Jahazi lina mbao mia na nyufa mia, na bahari yote inalisukuma, na maji hayaingii. Kwa nini? Deheni. Mafuta ya papa, chokaa, yakapondwa yakawa uji mzito, hupakwa chini ya chombo. Sasa, kitu kinachozuia bahari nzima isiingie, kitashindwa kuzuia chupa mbili za petroli zisitoke?

Fundi wa mashua kanipa kopo zima. Akauliza nina chombo gani. Nikasema siri. Akasema vyema, maana hata yeye hataki kujua.

Nimelipaka tangi chini, mikono mitatu. Limekauka jeupe, zuri kama yai. Nimejaza maji: tone halitoki! Nilipiga kelele ya furaha, Saleha akadhani ni nyigu.

Kasoro ni moja. Deheni inanuka papa. Paka wanne wamekaa uani wanalitazama tangi kwa mapenzi.

Ijumaa, 18 Januari

Kutu iliyobaki imegandamana ndani, haitoki kwa kumwagia. Lazima isuguliwe, na mkono hauingii. Dawa ni changarawe: tia makopo mawili, ziba mdomo, tikisa. Tikisa sana. Bwana Timotheo anasema kwa muda wa saa nne, tano.

Nilitikisa baada ya swala. Kwa nguvu zote. Nilipotua nikamwuliza Saleha ni saa ngapi zimepita. Akasema wali bado haujachemka.

Mabega hayanyanyuki. Saleha kanilisha chakula cha jioni kwa mkono wake kama mwali, na hakuficha kicheko. Sharti nipate watu wa kutikisa. Watu wengi, wenye nguvu, wasiochoka, wasiouliza.

Jumamosi, 19 Januari

Nimewapata!

Alfajiri nilikuwa najaribu tena, cha-cha-cha, cha-cha-cha, mara Saleha jikoni akaanza kuimba juu yake bila kujijua. Wimbo wa vugo. Moyo ulinilipuka.

Nikaenda kwa Bi Mwanakombo, shikamoo nyingi, kofia mkononi. Nikamwambia nimemletea chombo cha ngoma ambacho Tanga haijakiona. Nikamwambia Mombasa wanacho. (Mungu anisamehe; Mombasa wana kila kitu, kwa nini wasiwe nacho?) Wenzake wana pembe za nyati na vijiti, hiki kitawapa mvua juu ya bati.

Akalipokea kama anapokea mtoto mchanga. Akalitikisa mara moja. Akafumba macho. Akalitikisa tena, kiuno kikafuata. Akauliza mbona linanuka papa. Nikasema ndio upya wenyewe.

Kaniambia kwa kulileta kanisamehe habari ya ukwaju. Nimerudi nyumbani nikitembea kama bwana arusi.

Jumapili, 20 Januari

Vugo gani lile! Toka alasiri wamezunguka barabara zote za Ngamiani kumpeleka bibi arusi kwa mumewe. Wanawake arubaini, pembe zinalia, na mbele kabisa tangi langu, limefungwa kanga mpya kiunoni. Wanapokezana. Mmoja akichoka mwingine analinyakua. Walikuwa wakiligombania! Mimi nyuma, nahesabu saa kwenye vidole: moja, mbili, tatu, nne. Kila cha-cha-cha nasikia kutu ikilia.

Mselem alisimama kando ya njia, mdomo wazi. Nilimwuliza kama yeye ana wafanyakazi arubaini. Hakujibu. Ladha ya kutojibiwa na Mselem! Haina mfano.

Jumatatu, 21 Januari

Nimekwenda kuchukua tangi langu. Sikupewa.

Desturi ya chama chao, anasema Bi Mwanakombo: chombo kilichomwingiza bibi arusi ndani hukaa chumbani kwake mpaka fungate iishe. Siku saba. Kikitoka kabla, arusi imetobolewa. Nikauliza fungate inaisha lini. Jumapili, akasema.

Lori ni Jumamosi.

Nilihesabu upya, kwa vidole, kwa kokoto, kwa tasbihi. Kila mara Jumapili inakuja baada ya Jumamosi.

Nilimwuliza Saleha, ewe mke wangu, ulijua desturi hii? Akasema ndiyo. Mbona hukuniambia? Akasema mimi sikumwuliza, nilikuwa nashughulika na kuwaambia watu wazima habari za Mombasa.

Jumatano, 23 Januari

Hila. Nimechukua debe, nimetia changarawe, nimelifunga kanga, nimelipaka deheni kidogo kwa ajili ya harufu. Mwanamume haingii nyumba yenye fungate, kwa hiyo nimemtuma Saleha alipeleke ndani na kutoa lile. Nimemsihi. Kakubali upesi mno, ilinipasa nishuku.

Karudi na debe lilelile. Bibi arusi mwenyewe alilitikisa mara moja tu, akasema hili linakohoa. Sasa wanafungate wote wawili wanataka kujua jina la yule bwana aliyetaka kuwabadilishia ngoma yao, na Saleha kawaambia.

Mselem kapita na mkanda wa kupimia. Ati anapima upana wa mlango wake, kama usukani utapita.

Ijumaa, 25 Januari

Sina hila tena. Mtu akiishiwa hila husema kweli, si kwa kupenda.

Nilikwenda kwa Bi Mwanakombo nikakaa chini kwenye jamvi. Nikamwambia kwamba chombo kile hakikutoka Mombasa. Ni tangi la pikipiki, na kesho wasiponipa tangi, pikipiki itakuwa ya Mselem, na nimeshamwandikia mwanangu Pangani kwamba naja nayo, na mjukuu wangu ana miezi mitatu hajui uso wangu.

 Akasema alijua toka siku ya kwanza. Chombo cha ngoma hakina tundu la kutilia mafuta. Lakini sauti ni sauti. Akaniuliza kwa nini sikusema hivyo tangu Jumatatu.  Nadhani kwa sababu Jumatatu nilikuwa bado na debe kichwani.

Hukumu yake: kiliingia kwa vugo, kinaweza kutoka kwa vugo. Chama kizima kitakisindikiza kesho asubuhi, na kabla ya magharibi kirudi kwa bibi arusi. Kikitoka hivyo hakijatoka, kimetembezwa.

Nilimbusu mkono. Akaufuta kwa kanga.

Jumamosi, 26 Januari

Nawezaje kuandika? 

Asubuhi lori limeshapakiwa kwa Bwana Timotheo, mbuzi juu, mkewe mbele, dereva anapiga honi. Yeye kasimama mlangoni na kofia yake ya kanisani. Mselem yupo, kavaa viatu. Nikasikia pembe. Wanawake arubaini wanakata kona, tangi mbele, kanga kiunoni, paka sita nyuma.

Nililifungua mbele ya watu wote. Nikamwaga changarawe, ikatoka pamoja na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, kopo zima. Nikatazama ndani. Loo! Sufuria ya arusi haing'ai hivyo! Bwana Timotheo akatazama, akasema kwa Kishambaa neno ambalo mkewe alimkanya. Mselem naye akatazama. Alichelewa kuinua kichwa. Yeye ni fundi. Kazi nzuri anaijua.

Tukalifunga. Tukatia petroli chupa mbili. Nikakanyaga mara moja, kimya. Mara ya pili, chafya. Mara ya tatu, ngurumo! Vigelegele! Mbuzi mmoja aliruka toka kwenye lori. Nikaondoka!

Naenda! Mimi, umri wangu huu, tumbo langu hili, upepo ndani ya kanzu! Nikapita kisimani. Nikapita ghala. Ndipo nikahisi baridi pajani. Nikatazama chini. Deheni ilikuwa inayeyuka kama samli juani, na petroli inatiririka kwenye matundu yote kumi na moja. Bahari, kumbe, haiyeyushi mafuta ya papa. Petroli inayeyusha. Hakuna aliyeniambia.

Hatua hamsini kabla ya reli mashine ikakohoa, ikafa.

Sasa, njia ile inateremka kuelekea relini. Na nyuma yangu wanawake arubaini walikuwa wanakuja mbio, pembe zinapasuka, wanaimba kwamba babu huyo anakwenda Pangani. Radi ingepiga isingesikika. Nami nikakaa wima. Nikaendelea kuzungusha mkono. Nikanguruma kwa mdomo, Mungu ni shahidi, nikanguruma. Gurudumu likagonga reli ya kwanza, likasita, roho ikanitoka, likaparamia, reli ya pili, nimevuka!

Mselem alifika anahema, anapiga kelele kwamba ilikuwa imekufa, imekufa toka ghalani. Bwana Timotheo akamwuliza kama aliisikia ikifa, aape. Mselem akafungua mdomo, akafunga. Ni mtu wa kweli yule, ndiyo maana kushindana naye ni raha. Akasema kwa ngoma ile hata sauti yake mwenyewe hakuisikia. Basi Bwana Timotheo akasema yeye ameona kwa macho mawili pikipiki imevuka na mwenyewe yuko juu. Akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba akifika Lushoto atawaombea wote wanaonguruma. Lori likaondoka.

Pikipiki ni yangu! Bi Mwanakombo kalichomoa tangi palepale na kulirudisha kwa bibi arusi. Nimeikokota nyumbani bila tangi, nikipungia watu.

Jumapili, 27 Januari

Fungate imeisha. Tangi limerudi, na mkono wa pongezi kutoka kwa maarusi. Nimeliweka juu ya meza. Nimeipangusa pikipiki mara nne. Nimekaa juu yake uani nikala chakula cha mchana hapo hapo. Saleha kasema mradi nina furaha. Kisha kauliza Pangani ni lini. Nikasema kesho. Matundu tu.

Mselem kaja kunipongeza, mkono kwa mkono, bila kinyongo. Akaligeuza tangi, akasema matundu hayo ni kazi ya kulehemu mchana mmoja tu. Anaweza. Nikamshukuru. Tukanywa kahawa.

Halafu akataja, hivi hivi, kwamba binamu yake wa Moa ana mashine ya boti.

Alhamisi, 31 Januari

Nimebadilishana na Mselem! Pikipiki kwa mashine ya boti! Imefika jana ndani ya gunia, nzito kama ng'ombe. Ilizama mara mbili tu. Mselem kasema wazi, hakunificha: mara mbili. Mtu anayekwambia mara mbili hawezi kuwa mwongo.

Nimeshaifungua. Ndani mmekaa kaa. Hao ni wadogo, si kama nyigu. Chumvi imeganda, lakini chumvi naijua, ni binamu yake kutu. Mashua bado sina. Mashua ni mbao tu.

Mselem alilehemu tangi Jumanne. Leo amekwenda Pangani na kurudi, Saleha nyuma yake mguu upande, kajifunika buibui jipya kwa vumbi. Wamefika salama salimini. Saleha anasema mjukuu ameanza kucheka, na akicheka ni mimi mtupu. Alicheka aliposikia pikipiki. Sabiha aliniulizia, mama yake akamwambia babu anakuja kwa bahari. Halafu Saleha akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, pamoja na ukwaju.

Nilimhurumia sana Mselem. Kanzu nyeupe imekuwa nyekundu, kiuno kimepinda. Anasema barabara ya Pangani ni mashimo matupu, mwanzo hadi mwisho.

Baharini hakuna shimo hata moja.